Barua Zilizokuwa Zikienda Jomvu Kuu

Nimepangisha vyumba hapa Bombolulu tangu mume wangu yu hai, Mungu amrehemu, na wapangaji nimewaona wa kila sampuli. Nimepata walevi, nimepata wacha Mungu, nimepata wanaopiga wake zao na wanaopigwa na wake zao. Lakini mpangaji wa kulia kwa sababu mtu aliyemuua kwa mkono wake amekataa kufa, huyo nilimpata mmoja tu. Jina alikuwa nalo, na lilikuwa limechapwa juu ya vitabu viwili. Hapa uani tulimwita Mpangaji basi, utadhani wengine wote walikuwa wenye nyumba.

Vitabu hivyo vilikuwa riwaya, na alivitoa kabla hajaja kwangu. Kimoja alinipa, nikakisoma mpaka mchuzi ukaungua. Nilimwambia hivyo hivyo, "Bwana we, umeniunguzia samaki," naye akafurahi kuliko ningemsifu. Lakini alipohamia kwangu hakuwa tena mtu wa vitabu. Alikuwa akiandika mchezo wa runinga, ule wa kila jioni, wenye Tajiri na wake zake watatu na yule mkwe mwenye sumu kwenye mkoba. Nani hapa Pwani hakuuona? Hata imamu wetu alikuwa akiuliza kwa pembeni, "Ehe, na yule bibi mdogo?"

Wapangaji wenzake walimjua kwanza kwa makelele. Alikuwa haandiki neno mpaka alitamke, na kila mtu alimpa sauti yake. Siku moja mchana, sina hata wiki moja naye, tukasikia mwanamke analia chumbani mwake, "Niue! Niue uone kama watoto wako watakusamehe!" Vijana wakavunja mlango. Wakamkuta peke yake, kikoi kiunoni, miwani usoni, mkono mmoja kajikaba koo na mwingine uko kwenye kompyuta. Akawatazama na kuwauliza, "Mmeamini?" Walipomwambia wameamini, akasema, "Basi ni mbaya. Kitu kizuri watu hawakiamini upesi hivyo." Mlango nilimtengenezesha yeye.

Alikuwa mtu wa Jomvu Kuu, wa zile nyumba za zamani, na lugha yake ilikuwa pana na ya taratibu. Hakuweza kupita mbele ya mtu bila kumuuliza habari ya afya, na ya watoto, na ya kuku. Huo mchezo wake lakini ulikuwa hauna salamu. Watu wake waliingia nyumba za watu wakipiga kelele mlangoni. Nilimuuliza, "Hawa watu wako hawakufunzwa kubisha hodi?" Akasema aliandika hodi mwanzoni, na kampuni ikazikata zote. Walimwambia hodi zinakula muda.

Kampuni ilikuwa Nairobi. Ilimpa kompyuta, ikampa simu, ikampa na mkataba mnene, na habari ya mkataba huo alinipa mwenyewe nikiwa kibarazani nachambua mchicha. Akakaa kwenye kigoda, akachukua na yeye fungu lake la mchicha, akaanza kuchambua vibaya.

"Mamangu, nimefungwa kamba mbili," alisema. "Ya kwanza, maadamu mchezo unaendelea, mimi naandika. Siwezi kutoka. Ya pili, maadamu naandika mchezo, kila hadithi nitakayoiandika ni mali yao."

"Hata ya moyoni mwako?"

"Ya moyoni ni yangu. Ikishuka kwenye karatasi ni yao."

"Basi usiishushe."

"Ndiyo iniozee humu?" Akajigonga kifua, mchicha ukamwagika.

Hapo ndipo aliponiambia kwamba anayo riwaya ya tatu, na kwamba hiyo ndiyo aliyozaliwa aiandike, zile mbili zilikuwa mazoezi. Ilikuwa habari ya mwosha, mwanamke wa kuosha maiti za wanawake katika mtaa mmoja wa zamani, anayezijua siri za miili ya watu wote na hazitoi. Halafu siku moja anafariki adui yake, mwanamke aliyemvunjia nyumba na kumchukulia mume, na hakuna mwosha mwingine karibu. Wanakuja kumwita.

Nikauliza, "Akaenda?"

"Ah, wewe! Ndiyo hadithi yenyewe hiyo."

Nikamuuliza sasa ataiandika vipi na kamba zote hizo. Akatabasamu, jino lake la pembeni likaonekana. Kumbe mkataba ule aliusoma mara nyingi, akautafutia tundu akalipata. Barua binafsi hazimo. Barua ya mtu kwa ndugu yake ni yake na ndugu yake, kampuni haina haki nayo. "Basi mimi sijaandika hadithi yoyote," aliniambia. "Mimi namwandikia dada yangu barua. Zimekuwa ndefu kidogo."

Dada yake ndiye aliyemlea, na alikuwa akikaa kule kwao Jomvu Kuu na mwanawe wa kiume na mkaza mwana, mke wa huyo mwanawe. Skuli ya kizungu hakupelekwa, alipelekwa chuoni tu, kusoma Kurani, kwa hiyo alisoma khati ya Kiarabu, na kwa khati hiyo akasoma Kiswahili chake chote, kama walivyosoma wazee wa nyumba zile. Mpangaji alimwandikia hivyo hivyo, kwa kalamu ya wino, kutoka kulia kwenda kushoto, Kiswahili kitupu ndani ya herufi za Kiarabu. Alianza na salamu, akaja na habari ya mvua, akauliza habari ya mguu wa dada, halafu, alivyonisimulia mwenyewe, "Ama baada ya hayo, yule mwosha tuliyemwacha kisimani, alirudi." Na hapo kurasa kumi zikaenda.

Mchukuzi wa barua nilikuwa mimi. Binti yangu ameolewa Jomvu, nyumba ya tatu kutoka kwa dada mtu, nami kila Jumamosi ni lazima nikawaone wajukuu. Mpangaji alinipa bahasha Ijumaa baada ya sala. Nilimwambia mapema, "Bwana, si upige picha na simu, ubaki na nakala?" Akanambia simu ni ya kampuni, na kompyuta ni ya kampuni, na akiweka nakala itakuwa si barua tena, itakuwa muswada. Alikuwa mwaminifu wa namna hiyo, wa kutafuta tundu kisha kulipita kwa adabu.

Majibu hayakuja kwa barua. Mkono wa dada ulikuwa ukitetemeka, hivyo alinipa kwa mdomo. Alisoma mbele yangu huku mimi nanywa kahawa, na hakunisomea hata mstari, mchoyo mkubwa yule bibi. Alicheka peke yake, akapangusa macho, akakunja, akaitia kwenye kasha chini ya kitanda. Kisha, "Mwambie mwosha wake asema sana. Mwosha haneni akiwa kazini." Ama, "Mwambie maiti hutiwa kafuri mwisho, asiitie mwanzo, atatuaibisha." Mimi nikarudi Bombolulu na maneno hayo kichwani nikiyarudia njia nzima yasinipotee, na yeye alinisubiri langoni. Nikimwambia dada kasema asema sana, alikasirika siku mbili, halafu akamwandikia nyingine, fupi.

Jambo ambalo sikumuelewa hata siku moja ni la huo mchezo. Aliuchukia, wallahi, aliutukana kwa matusi ya heshima ambayo ni mabaya kuliko matusi yenyewe. Na kila jioni ukianza alikuwa sebuleni kwangu, kofia kaiteremsha mpaka machoni, anachungulia kwa chini. Akimlaumu mwigizaji: "Si hivyo! Nimeandika anyamaze!" Yule bibi mdogo alipoandikiwa kwenda zake Unguja asirudi, Mpangaji alilia. Nikamwambia, "Lakini si wewe uliyemfukuza?" Akasema, "Nilimfukuza ili angalau mmoja atoke."

Maana alijaribu kuumaliza. Mkataba ungekufa siku mchezo utakapokufa, na mchezo ulikuwa ni Tajiri. Basi akamzamisha Tajiri kivukoni. Tulilia mtaa mzima. Baada ya siku chache simu ikaja, watu wanampenda Tajiri, wenye matangazo wanampenda zaidi, atafutiwe njia. Mpangaji akamtafutia, alikuwa ameokolewa na wavuvi, kapoteza kumbukumbu. Alipomaliza akamuua tena, safari hii akamzika kabisa, na kaburi likaonyeshwa. Wakamwambia aliyezikwa alikuwa pacha. "Pacha!" alinambia, kasimama mlangoni kwangu, macho mekundu. "Nimemzika mtu kwa mikono yangu. Sasa niandike kwamba sikumjua!" Akarudi chumbani, akaandika. Alikuwa haachi kuandika, hiyo ndiyo ilikuwa ikiniudhi. Simu ikilia alisimama, mtu mzima, akasema "Naam, naam, kijana wangu," kwa kijana ambaye yeye angeweza kumzaa.

Kijana mwenyewe alikuja mara moja kutoka Nairobi, mpole tu, na kiatu cheupe. Nikawapelekea chai. Barua ya Jomvu ilikuwa mezani imeandikwa nusu, na mimi roho ikanipaa. Kijana akaiona, akauliza, "Hii ni nini, mzee? Ni dua?"

Mpangaji akajibu, "Namsalimu dada yangu."

"Aa, poa, mzee." Na yule kijana, ambaye si wa dini yetu hata, akainua kikombe chake alichokuwa akikiteremsha mezani, akakihamishia sakafuni kisije kikagusa maandiko matakatifu. Alipoondoka Mpangaji alicheka mpaka akashika ukuta. Wiki nzima alinisimulia mimi niliyekuwepo. "Umemwona alivyohamisha kikombe? Mamangu, hizi herufi ni askari wangu. Hakuna atakayezigusa." Na kweli tulicheka sote.

Riwaya ilimalizika kabla ya mwezi wa Ramadhani. Nilijua kwa sababu bahasha ilikuwa nyembamba, na aliponipa hakuiachia, tukawa tumeishika wawili. "Hii ni ya mwisho," alisema. Mpango wake ulikuwa barua zote zikae kwa dada mpaka siku atakapofunguliwa, ndipo azichukue azitoe kitabu. Dada aliisoma ile ya mwisho na hakucheka. Alikaa nayo mapajani muda, akaniambia, "Mwambie sina neno." Kwa miaka yote niliyobeba maneno yake, hilo ndilo lililokuwa jepesi kulibeba. Mpangaji aliposikia akaingia ndani akafunga mlango, na siku hiyo hakuutazama mchezo.

Baada ya Idi dada alipatwa na kiharusi. Alilazwa, na nyumbani wakaanza kumtengenezea chumba maana atarudi hawezi kitu. Mkaza mwana, msichana mzuri, mchapa kazi, simtii ila, akaondoa vyombo vyote apige deki. Chini ya kitanda akakuta kasha, na paa lilikuwa limevuja juu yake, na panya wameanza pembe moja. Akafungua. Akaona karatasi nyingi, khati ya Kiarabu tupu, nyingine zimepata unyevu. Yeye kasoma skuli zetu hizi, chuoni alifika akajua kusoma Msahafu wenye irabu zake, lakini mkono wa haraka usio na irabu hakuujua. Kwake maandiko yale yalikuwa ni aya, au dua, au jina la Mungu liko humo mahali. Na maandiko namna hiyo yakiharibika hayatupwi jaani, hayakanyagwi. Yanachomwa kwa heshima na majivu yanatiwa penye maji.

Ningefanya vivyo hivyo mimi. Nalisema hili kwa sababu siku ile nilitaka kumzaba kofi.

Tulikuwa tumekwenda pamoja, mimi na Mpangaji, kumtazama mgonjwa aliyerudishwa. Akainama chini ya kitanda. Akauliza kasha liko wapi. Binti yule akamweleza akiwa na furaha kabisa, anangoja kusifiwa. "Nilitia udhu kwanza, mjomba. Nikafukiza ubani. Majivu nikayapeleka mwenyewe kule kwenye mikoko, maji yakiwa yamejaa."

"Zote?"

"Zote, mjomba. Haikubaki hata herufi."

Mpangaji akainuka, akajipangusa magoti. Kitandani dada yake alikuwa macho, anasikia yote. Ulimi umemlala, upande wa kulia wote umekufa, mkono wa kushoto tu ndio unaokwenda, na ule mkono ulikuwa ukipapasa shuka kama unaotafuta kitu. Yule bibi aliijua riwaya yote, neno kwa neno, na maneno hayana njia ya kutokea.

"Ahsante, mwanangu," Mpangaji akasema. "Mungu akulipe." Angesema nini?

Alihama kwangu mwezi huo, akaenda kumuuguza dada yake, na kompyuta ya kampuni akaenda nayo. Chumba chake nikampa fundi wa viatu. Kusema kweli uwanja ulipooza. Mchezo uliendelea, na kila jioni nikimwona Tajiri ana afya tele nilizima runinga kwa hasira, halafu nikaiwasha.

Nilimwona mwezi uliopita, Jumamosi kama kawaida yangu. Nilibisha hodi, nikaambiwa karibu. Dada kaegemezwa mito, kavishwa kanga safi, kanukia udi. Mpangaji kakaa kwenye mkeka chini yake, ubao mapajani, kakonda. Nikawasalimu wote wawili. Zamani dada akiitwa alikuwa akiitika "Abee" ndefu ya kuvutia. Sasa aliinua kidole.

"Umenikuta kazini," Mpangaji akaniambia. "Huyu ndiye mkuu wangu siku hizi. Wale wa Nairobi wana huruma."

Alikuwa akiiandika upya. Kisa anacho, alisema, kisa hakikuungua. Maneno ndiyo yaliyokwenda, na maneno anayo mtu mmoja tu ulimwenguni, huyu hapa, asiyeweza kuyasema. Basi yeye anaandika sentensi, anamsomea. Ikiwa siyo, dada anagonga ubavu wa kitanda kwa kidole. Ikiwa ndiyo, mkono unatulia.

"Sikiliza," akasema, akasoma kwa sauti: "'Leo nimekupata!' mwosha alinong'ona, akaifunua shuka kwa kishindo."

Kidole kikagonga kabla hajamaliza.

"Mwosha akatetemeka. Chozi likamdondokea maiti kifuani."

Kikagonga.

"Dada, chozi lilikuwepo! Nakumbuka!" Kikagonga mara mbili. Mpangaji akanigeukia, akacheka kicheko kibaya. "Unaona? Nikiandika mwosha, anaingia mkwe mwenye sumu. Nikiandika wanyamaze, wanapiga kelele. Wameniingia mkononi, mamangu. Nilidhani nimewafungia kwenye kompyuta, kumbe wako hapa." Akanionyesha vidole vyake. Nilisikia uchungu, nikamwambia apumzike anywe chai.

Alijaribu tena. Akafuta, akatamka chini chini, akafuta. Dada kamkazia macho. Mimi nilikuwa nishaanza kutafuta buibui langu niondoke, ndipo aliposoma, polepole, bila sauti ya mtu yeyote, ila yake:

"Mwosha akayaonja maji kwa kiwiko, kama ya kumwogesha mtoto, akaona ni ya moto, akangoja yapoe."

Mkono ukatulia. Tukaungojea, sote wawili, na haukugonga. Nami hapo ndipo nilipojua kwamba alikwenda, yule mwosha. Nililia kama mjinga, kwa ajili ya maji tu.

Simu ikalia. Mpangaji akasimama. "Naam. Naam, kijana wangu. Tajiri? Yupo. Yu hai, yu mzima, hana neno." Akakaa tena, akaichukua karatasi yenye sentensi ile moja, ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu asubuhi. Ilikuwa khati ya Kiarabu, kama zile za kwanza, lakini juu kabisa aliandika kitu kwa herufi za kawaida, kubwa kubwa, akanipa nisome. *Hii ni hadithi tu. Tafadhali msiiheshimu.*

"Bwana we," nikamwambia, "umeiita hadithi. Na mkataba?"

"Najua."

"Watakuja waichukue."

"Nikiiita barua nitachomewa na wacha Mungu. Nikiiita hadithi nitachukuliwa na kampuni. Nimefikiri sana, mamangu. Anayechukua huweka mahali, hachomi." Alisema hivyo akiangalia dada yake, na mkono wa dada haukugonga.

Mkaza mwana akaingia na chai. Tangu alipojua kasha lile lilikuwa na nini, binti yangu aliniambia, yule msichana haingii chumbani humo bila kutazama chini. Sinia alikuwa ameliacha jikoni, kikombe kiko mkononi, kinamchoma, na mahali pa kukiweka palikuwa pale ubaoni tu, juu ya ile karatasi niliyokwisha kuirudisha. Akasita. Akaisoma ile mistari ya juu, midomo inamcheza, akasoma tena. Akamtazama mjomba wake. Halafu akakishusha kikombe juu ya pembe ya ukurasa, taratibu, chai ikamwagika kidogo.

"Hapo hapo, mwanangu," Mpangaji akamwambia. "Hapo hapo."